Ulisema "nilijua", kumbe ulichukulia tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, nafanya kazi katika ofisi moja ya utalii hapa Arusha. Kazi yangu ni kuwajibu wageni kwa barua pepe na kupanga magari ya kuwapokea. Mwezi uliopita mgeni wetu alitua KIA usiku, akatoka nje asikute gari. Mimi nilijua hoteli imeshatuma gari. Asubuhi nikamwomba radhi, nikaandika: "Sorry, we knew the hotel sent a car." Akajibu kwa hasira kwamba kama tulijua, hilo gari lilikuwa wapi, na kwamba tunamdanganya. Bosi akaniambia nilipaswa kuandika "assumed". Nikalishika neno hilo. Wiki iliyofuata nikamwandikia mteja mwingine: "I assume you have not paid the balance." Naye akachukia, na safari akaahirisha. Mwalimu, hili neno ni la namna gani? Kamusi yangu inasema ni "dhani", lakini "dhani" si ndiyo "think"?
*Binti wa Sakina, Arusha*

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaenda nayo hadi darasani kwangu Jumamosi, kwa sababu kosa lako la kwanza nimelisahihisha kwa miaka 31 na bado nakutana nalo kila muhula. Nataka uelewe kwanza kwamba hukukosa akili wala hukudanganya. Ulifikiri kwa Kiswahili safi, ukaandika kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikukubeba.

Sikiliza tunavyozungumza huku kwetu. Mtu anaingia jikoni, anakuta sufuria tupu, anasema, "He! Mimi nilijua mmenibakizia." Alijua nini? Hakujua kitu. Jirani anakuona barabarani, "Nilijua umeshasafiri!" Hakujua, maana ungali hapa Moshi, amekushika mkono. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, "nilijua" inafanya kazi mbili: kujua kwenyewe, na lile jambo ambalo kichwani lilikaa kama limejulikana, kumbe sivyo. Msikilizaji wa Kiswahili hapotei, anaitambua kwa sauti na kwa kinachofuata. Mwingereza hana mlango huo. Kwake "I knew" ina maana moja tu: jambo lilikuwa kweli, na mimi nilikuwa na hakika nalo. Kwa hiyo mgeni wako aliposoma "we knew the hotel sent a car", alisoma kwamba gari lilitumwa na ninyi mna uhakika. Naye alikuwa amesimama nje na mabegi yake, usiku, hakuna gari. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Ile "nilijua" ya pili ndiyo "I assumed". Sasa utaitofautishaje na ile ya kwanza? Kiswahili kimekupa kipimo ambacho Mwingereza hana, nacho ni neno "kumbe". Kabla hujaandika, iseme sentensi yako kwa Kiswahili, kisha uone inataka kumalizikia wapi. "Nilijua hoteli imetuma gari, kumbe haikutuma." Imekubali "kumbe"? Andika "assumed". "Nilijua mvua itanyesha, na kweli ikanyesha." Hiyo imetaka "na kweli", basi ni "knew". Hapo hukuhitaji kamusi. Nimewapa kipimo hiki waongoza watalii, wahudumu wa hoteli, na mama mmoja muuza mbogamboga wa Mbuyuni anayejifunza Kiingereza ili azungumze na wajukuu zake wa Marekani, na wote kimewafaa.

Neno lenyewe mimi nililifahamu vizuri pale stendi ya Moshi, si chuoni. Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Shuleni kwetu alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, kijana mpole, anayejifunza Kiswahili kwa bidii hadi anaota nacho. Tukapanga twende Lushoto. Nikamwambia kwa Kiswahili, naye akafurahi kwamba sikumtafsiria: "Basi linaondoka saa mbili." Akaandika kwenye kijidaftari chake. Kesho yake nikafika stendi mapema, nikakata tiketi mbili, nikakaa na kikapu changu miguuni. Saa mbili ikafika, basi likapiga honi, likaondoka na viti vyetu viwili vitupu. Saa nane kasoro mchana, jua limenikausha, namwona anakuja anatembea taratibu, begi mgongoni, anatabasamu, ameniletea ndizi. Kwa saa yake alikuwa amewahi. Nilipomweleza alishika kichwa akasema, "I assumed it was two o'clock."

Nikamuuliza kwa nini hakusema "I thought". Alifikiri kidogo, akanijibu kwamba hakuwaza hata kidogo. Angewaza, angeuliza. Kwao mbili ni mbili. Alilichukua neno kama lilivyo, akapanga siku yake yote juu yake: akafua, akala, akalala kidogo, akaja. Na mimi kwa upande wangu nilichukulia kwamba mtu aliyekaa nchini miezi mitatu anajua kuwa saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Sisi wote wawili hakuna aliyedhani.

Hapo ndipo kamusi yako inapokupunja. Anayedhani anajua kwamba anadhani. "Nadhani duka limefungwa", amekwambia hana hakika, nawe unaweza kwenda kuhakikisha. Hiyo kweli ni "I think". Lakini anaye-"assume" amekwisha kulitwaa jambo kama kweli na ameendelea na safari. Kiswahili kina neno lake, na ninasikitika kwamba watunga kamusi wengi huliweka la tatu au la nne: ni "chukulia". "Nilichukulia kwamba umeshakula." "Chukulia kwamba Juma ana maembe kumi", kama vitabu vya hesabu vinavyosema. Hesabu haisemi Juma ana maembe, wala haidhani. Inakuomba uyachukue hayo kumi ili kazi iendelee. Kwa Kiingereza hapo watasema "assume".

Na uone jinsi lugha mbili zisizo na undugu zilivyokutana. "Assume" limetoka Kilatini, na kiini chake ni kitenzi chenye maana ya kuchukua, kutwaa. Wakatoliki wenzangu wa huku Kilimanjaro wanalifahamu bila kujua kwamba wanalifahamu: sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, kwa Kiingereza inaitwa "the Assumption". Watoto wa kidato cha pili huniuliza kila mwaka kama Kanisa linadhani Maria alikwenda mbinguni. Hapana. Maana pale ni ile ya asili: alichukuliwa, alitwaliwa. Vivyo hivyo gazeti likiandika kwamba kiongozi "assumed office", hakudhani ofisi, ameshika madaraka. Ukilishika neno kwa mkono wa "kuchukua", maana zote hizi zinakaa pamoja bila kugombana. Ukilishika kwa mkono wa "kudhani", nusu yake inakuponyoka.

Darasa langu la Jumamosi huwa kubwa wakati wa masika, Aprili na Mei, mlima unapopungua wageni na waongozaji wanapokuwa nyumbani. Nilipowasomea barua yako, mmoja wao, kijana wa Machame aliyepanda kwa miaka tisa, alisema jambo ambalo nimeliandika ubaoni na sitalifuta. Alisema kule juu, ukishavuka mita 4,000, mgeni akianza kuyumba kama mlevi na kujibu maswali kwa kuchelewa, kuna waongozaji wawili. Wa kwanza anasema "nadhani amechoka", na kwa kuwa anajua kwamba anadhani, anasimama, anamuuliza mgeni kichwa kinaumaje, anambana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, anamwambia atembee kwenye mstari ulionyooka. Wa pili amechukulia kwamba mgeni amechoka. Huyo anampa maji na kuendelea kupanda. Kuyumba kule kunaweza kuwa ubongo umeanza kuvimba kwa sababu ya kimo, na dawa yake ya kwanza ni kumteremsha mtu, usiku huohuo, si kumpumzisha. "Mwalimu," akaniambia, "ndiyo maana sisi tunafundishwa *never assume*." Binti yangu, hakuna kamusi itakayokueleza neno hili vizuri kuliko kijana huyo.

Sasa barua yako ya radhi. Ningekuandikia hivi: "We are very sorry. We assumed the hotel had sent a car, and we should have checked." Angalia "had sent". Kiswahili kinasema "tulichukulia hoteli imetuma gari", -me- haibadiliki hata kama habari yote ni ya jana. Kiingereza, kitenzi cha kwanza kikishaingia wakati uliopita, kinakivuta na cha pili nyuma: "assumed", kisha "had sent". Na ile "we should have checked" usiiache. "I assumed" ikisimama peke yake katika barua ya kuomba radhi husikika kama kisingizio. Kinachoifanya kuwa radhi ni kukiri kwamba kuhakikisha kulikuwa juu yako.

Kuhusu barua ya pili, hapo sarufi haina kosa lolote. Kosa ni la adabu. "I assume you have not paid" inamwambia mtu: sikukuuliza, sina uthibitisho, lakini nimekwisha kukuchukulia kuwa mdaiwa. Kwetu pia ingeuma. Fikiria uingie dukani kwa Mangi, kabla ya salamu akuambie, "Nachukulia hujaleta ile hela." Hata kama kweli hujaleta! Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba ukiweka "I assume you" mbele ya jambo jema au la kawaida, hakuna tatizo: "I assume you will need a room with two beds." Ukiweka mbele ya upungufu wa mtu, umaskini wake, uzembe wake, umri wake, umemtukana kwa sauti ya ofisi. Katika mambo ya fedha andika unachokijua, acha unachokichukulia. Unajua nini? Unajua kwamba fedha hazijaonekana kwenye akaunti yenu. Basi sema hivyo: "We have not yet received the balance. Could you kindly check?" Huenda alilipa na benki ikachelewesha. Hujui, na sentensi hiyo haijifanyi kujua.

Ukitaka kulainisha kidogo, sema "I'm assuming". Hapo unamwonyesha mwenzako kwamba umechukulia kwa muda tu, akusahihishe: "I'm assuming you're arriving on Friday. Is that right?" Na ukikutana na "assuming" mwanzoni mwa sentensi, litafsiri kwa "ikiwa" au "endapo": "Assuming the road is open, we leave at six." Endapo barabara itapitika, tunaondoka saa kumi na mbili. (Naam, saa kumi na mbili. Kwa ajili ya yule mwalimu wa ndizi, huwa nawaandikia wageni "6 a.m." kwa tarakimu.)

Matamshi: mkazo uko mwishoni, a-SYUM, na Wamarekani a-SUM. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kufunga neno kwa irabu, ndiyo maana nawasikia watu wakisema "ASUMI". Funga mdomo kwenye m. Likigeuka nomino linaota p, "assumption", kama "consume" linavyokuwa "consumption".

Niandikie tena ukishamjibu yule wa salio.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha nne hapa Moshi. Katika historia tulisoma kwamba Stanley alipomkuta Livingstone alisema, "Dr Livingstone, I presume?" Kwa nini hakusema "I assume"? Rafiki yangu anasema ni kitu kimoja.
*Mwanafunzi, Majengo*

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajapotea sana. Waingereza wenyewe huyachanganya, na katika mazungumzo hakuna atakayekukamata. Lakini swali lako ni zuri, na lilitokea kwenye ardhi yetu: ilikuwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1871, na Stanley alikuwa ametumwa na gazeti la New York Herald.

"Presume" ni ndugu wa "assume", kitenzi kilekile cha kuchukua, ila mbele yake kuna "kabla": kuchukua mapema. Tofauti iko kwenye kilichoko mkononi. Anaye-"assume" anaweza kuwa hana chochote, kama mwalimu wangu wa saa mbili. Anaye-"presume" ana dalili zinazoelemea upande mmoja, bado hajathibitisha. Stanley alikuwa na dalili. Alikuwa amesafiri kwa miezi akisikia habari za mzee mzungu aliyeko Ujiji, na sasa mbele yake amesimama mzee mzungu, Ujiji. Angekuwa nani mwingine? Hata hivyo hawakuwahi kutambulishwa, na adabu ya wakati ule ilikataa kumtaja mtu jina kana kwamba mnafahamiana. Kwa hiyo akasema jina, kisha akaliachia nafasi ya kukanushwa. Kiswahili chake cha karibu ni "Bila shaka wewe ndiye Daktari Livingstone?" Sikia hiyo "bila shaka" yetu: nayo tunaitumia hasa pale ambapo shaka kidogo imebaki.

Kwenye mtihani andika "assume". "Presume" leo lina harufu ya ofisi na mahakama.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimeishi na mwenzangu miaka kumi na mmoja bila kufunga ndoa, tuna watoto watatu. Sasa ameondoka na anasema mimi si mke. Mwanasheria niliyekwenda kumwona alichanganya Kiingereza, akasema sheria "presumes" kwamba tulioana. Nilirudi nyumbani sijaelewa. Sheria inadhani? Mtu anaweza kuniambia kesho kwamba imeacha kudhani?
*Mama watatu, Njiro*

JIBU: Habari ni nzuri dada yangu, poleni wewe na watoto. Mimi ni mwalimu wa lugha, mambo ya kesi utayapata kwa mwanasheria wako, lakini neno hili naweza kukupa, nawe una haki ya kulielewa kabla hujaingia mahakamani.

Sheria haidhani. Mtu akidhani, ni hisia yake. Sheria inapo-"presume", inatoa amri: jambo hili lichukuliwe kuwa kweli mpaka mwingine alete uthibitisho wa kulikanusha. Mzigo unahamia kwake. Ni kitenzi hichohicho kinachomlinda mshtakiwa, "presumed innocent": Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Hakimu haulizwi anamdhania nini. Anatakiwa amchukulie hivyo.

Kwa upande wako, ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Ikithibitishwa kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kwa watu kuwa ni mume na mke, sheria inachukulia kwamba walioana. Wewe una kumi na mmoja. Angalia maneno hayo yana sehemu mbili: miaka, na kutambulika. Miaka peke yake haitoshi. Kwa hiyo watu wako wa maana sasa ni wale waliowaona: majirani wa Njiro, mjumbe wa nyumba kumi, walimu wa watoto, wale waliokuita "Mama fulani" na "shemeji" kwenye misiba na kipaimara, kadi ya kliniki yenye majina yenu wawili.

Na swali lako la mwisho, kama inaweza kuacha: ndiyo, inaweza kukanushwa, na ndiyo maana ni "presume" na si "know". Mwenzako anaweza kuleta uthibitisho, kwa mfano kwamba wakati ule wote mmoja wenu alikuwa bado amefungwa na ndoa ya mke mmoja kwingine. Lakini ni lazima alete. Kusema tu "huyu si mke" hakutoshi kuiondoa.

Nenda tena kwa huyo mwanasheria. Mwambie akueleze upya kwa Kiswahili, pole pole, na usione haya kumsimamisha kila anapoingiza neno usilolifahamu. Muulize hivi: "Mpaka sasa sheria imenichukulia kuwa nani, na yeye anatakiwa athibitishe nini?" Chukua daftari uandike majibu yake.